Sikio la plastiki haliendi Newala peke yake

Ukitaka kujua ni lini familia ya Newala itampeleka mgonjwa wake Dar es Salaam, usiulize hospitali, uliza mnada wa korosho. Kuanzia Oktoba, malipo ya vyama vya msingi vya ushirika, AMCOS, yanapoanza kuingia kwenye akaunti, ndipo bati hununuliwa, mahari humaliziwa, madeni ya pembejeo hulipwa, na ndipo maradhi yaliyovumiliwa mwaka mzima hupata nauli. Mtoto aliyezaliwa na sikio dogo lililojikunyata, au kijana aliyepoteza sikio kwenye ajali ya bodaboda, aghalabu hufika mbele ya daktari bingwa katika miezi hiyo. Huko anakutana na swali ambalo hakuna mtu kitongojini kwao aliyewahi kuulizwa: sikio jipya lichongwe kutoka kwenye mbavu zake mwenyewe, au liwekwe la plastiki lililotoka kiwandani?

Kwa kawaida swali hilo hujibiwa kwa kuangalia umri, umbo na idadi ya operesheni. Mimi nataka kuliangalia kwa upande wa yale yanayoharibika mgonjwa akiwa amekwisha rudi nyumbani: ngozi inapotoboka, usaha unapoanza, waya unapochungulia. Nikiliangalia hivyo naona kwamba kwa mkazi wa Masasi au Newala, kipandikizi kizuri ni kile ambacho kikileta matata, tabibu wa zahanati ya jirani ana la kufanya. Uzuri wa picha za vitabuni uje baada ya hapo.

Kwanza tuelewane kuhusu mahali. Wanaotuandika kutoka mbali huziweka Masasi na Newala juu ya uwanda mmoja. Masasi iko chini, katikati ya vilima vya mawe. Newala iko juu, ukingoni mwa uwanda wa Makonde, na ukisimama pale panapoitwa Shimo la Mungu unaliona bonde linalokwenda mpaka Ruvuma na Msumbiji ng'ambo yake. Masasi ina hospitali ya Mkomaindo. Ndanda, kwenye barabara ya kwenda Lindi, ina hospitali kubwa ya Wabenediktini. Mtwara kuna hospitali ya Ligula, na siku hizi ipo hospitali ya rufaa ya kanda iliyojengwa Mitengo. Barabara ya Mtwara, Nanyamba, Tandahimba, Newala hadi Masasi, yenye kilomita 210, imekuwa ikipata lami kipande kwa kipande. Hata hivyo daktari bingwa wa upasuaji wa kurekebisha viungo, aliyezoea masikio, mara nyingi utamkuta Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 600 kutoka Newala.

Sikio dogo la kuzaliwa nalo si laana wala si jambo geni. Takwimu za dunia huliweka kati ya mtoto mmoja na wanne katika kila vizazi 10,000. Huwapata wavulana zaidi kuliko wasichana, na upande wa kulia zaidi kuliko wa kushoto. Mara nyingi tundu la sikio nalo huwa limeziba. Sikio la pili likiwa zima mtoto anasikia na anajifunza kusema, kwa hiyo operesheni ya sikio la nje hutengeneza sura. Kusikia ni habari nyingine, na wazazi wengi huelezwa hivyo wakiwa wamekwisha safiri. Hata sura ina kazi yake. Asiye na sikio miwani haimkai, na shuleni hawamsahaulishi.

Tuanze na mbavu, maana ndiyo njia iliyotangulia kushika mizizi. Mmarekani Radford Tanzer alichapisha matokeo yake mwaka 1959. Burt Brent wa California na Satoru Nagata wa Japani wakaja baadaye kuiboresha, kila mmoja kwa namna yake. Daktari huweka kipande cha filamu ya eksirei juu ya sikio zima la mgonjwa na kulichora, ukingo kwa ukingo, kisha huigeuza filamu iwe kielelezo cha upande wa pili. Halafu hupasua kifuani, kwa kawaida usawa wa ubavu wa sita, wa saba na wa nane, pale mbavu zinapokuwa bado gegedu. Sehemu ya sita na ya saba iliyoshikamana huwa kitako. Ubavu wa nane, mrefu na mwembamba, hukunjwa kuwa ukingo wa sikio. Vipande hivyo hufungwa kwa waya mwembamba wa chuma cha pua na kusukumizwa kwenye mfuko uliofunguliwa chini ya ngozi, kando ya kichwa. Mirija miwili myembamba huachwa ndani kufyonza hewa na damu. Mirija ikianza kuvuta, ngozi hunywea na kushika kila bonde na kila tuta la gegedu, na palepale mezani sikio huchomoza.

Mirija hiyo ndiyo ya kuogopwa kwanza. Ikiziba, damu hujikusanya chini ya ngozi, ngozi hukosa lishe na kufa. Ndiyo maana mgonjwa hulazwa siku kadhaa, na ndiyo maana ndugu anayeharakisha ruhusa kwa sababu fedha za chakula zimekwisha huwa anacheza na sikio lenyewe. Kifuani nako kuna yake. Utando wa pafu unaweza kutoboka wakati wa kukata, hewa ikaingia kifuani. Hilo hutafutwa na kutibiwa hukohuko hospitali. Kifua kinaweza kubonyea kadiri mtoto anavyokua, hasa akikatwa mdogo mno. Nagata alitaka mtoto awe amefika miaka 10 na mzunguko wa kifua chake, usawa wa chembe cha moyo, uwe sentimeta 60. Brent alikuwa radhi kuanza na wa miaka 6. Kwetu, ambako miaka na mwili wa mtoto haviendi sambamba nyakati zote, naona utepe wa kupimia kifua ni mwamuzi bora kuliko cheti cha kuzaliwa.

Yanayokuja baadaye, mgonjwa akiwa amerudi Luchingu au Kitangari huko Newala, ni madogo zaidi. Ngozi inaweza kufa mahali padogo na gegedu likaonekana jeupe. Jeraha likiwa dogo, chini ya sentimeta moja hivi, mara nyingi hutunzwa kwa dawa ya kupaka na bandeji inayobadilishwa kila siku ili gegedu lisikauke, mpaka ngozi ijifunge yenyewe. Waya ukichomoza baada ya miezi au miaka, hukatwa na kutolewa, mradi gegedu limekwisha shikana. Gegedu laweza kuliwa na mwili polepole na sikio likapoteza makali ya umbo. Nywele zinaweza kuota juu ya sikio iwapo mfuko ulichukua ngozi ya kichwani. Hayo ni kero za kweli, lakini karibu yote yanaweza kungoja, na bandeji safi haihitaji daktari bingwa.

Sasa plastiki. Mwaka 1966 Mmarekani Thomas Cronin alikuja na kiunzi cha silikoni, na kwa muda ilionekana mbavu zimepumzika. Baada ya miaka kadhaa viunzi vile vikaanza kuchungulia nje ya ngozi, kimoja baada ya kingine, na njia hiyo ikaachwa. Mwaka 1991 John Reinisch wa Los Angeles akaanza kutumia polietilini yenye vitundu vidogo, ambavyo nyama na mishipa ya damu huweza kuota ndani yake. Vivutio vyake vinaeleweka: operesheni moja kubwa badala ya mbili au nne, mtoto anaweza kufanyiwa akiwa na miaka mitatu hivi, na kifua hakiguswi. Miaka ya mwanzo ilikuwa ya taabu. Plastiki zilitoboa ngozi na nyingine kuvunjika. Mambo yalibadilika sana alipoanza kukifunika kiunzi chote kwa utando unaochukuliwa panjani pamoja na mshipa wake wa damu. Ukiweka kidole mbele kidogo ya sikio lako, juu ya taya, utausikia mshipa huo ukipiga. Huo ndio unaolisha utando, na utando ndio unaolinda plastiki.

Kwa hiyo mshipa huo ukijeruhiwa, ngao yote hufa. Na utando ukishatumika upande ule, umetumika. Operesheni ikiharibika, daktari wa pili anakuta ghala tupu na lazima atafute utando mwingine wa ndani zaidi au achukue mbali. Bakteria wakiingia kwenye vitundu vya plastiki hujijengea utando wao wa kunata ambao antibiotiki za vidonge haziupenyi vizuri, na mara nyingi mwisho wa maneno ni kukitoa kiunzi chote. Hata miaka mingi baada ya kupona, mkwaruzo mdogo kwenye ngozi nyembamba juu ya plastiki unaweza kufungua dirisha lisilojifunga lenyewe. Panapohitajika utando mpya, bandeji ya zahanati haitoshi, na dirisha likikaa wazi wiki tatu kusubiri nauli, uwezekano wa kuokoa sikio unakwenda ukipungua kila siku.

Daktari wa Los Angeles anaposema njia hii imemletea matata machache, namwamini. Mgonjwa wake akiona doa anapiga simu na kesho yake yuko kliniki. Ukiondoa simu hiyo na kesho hiyo, takwimu zake haziwi zetu.

Turudi kwenye kalenda, maana hapo ndipo njia ya mbavu nayo inapojikwaa. Njia ya Nagata ina hatua mbili: ya kwanza kuweka kiunzi, ya pili, miezi sita hivi baadaye, kuliinua sikio lisimame mbali na kichwa na kulipachika ngozi nyuma. Aliyepata fedha kwenye minada na kufanyiwa hatua ya kwanza Novemba, ya pili inamwangukia Mei. Mei ni mwisho wa masika, mfukoni kumekauka, korosho mpya bado hata kuchanua. Na barabara? Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara ya kusini kati ya Lindi na Dar es Salaam, Somanga ikiwa miongoni mwa sehemu zilizobomoka, na mabasi yakakaa. Sikio lililosubiri miezi sita linaweza kusubiri kumi na mbili bila kuharibika, ila familia isipoambiwa hivyo mapema huona imeshindwa na hairudi tena. Ningekuwa daktari wa mgonjwa wa huku ningepanga hatua ya kwanza msimu mmoja na ya pili msimu unaofuata, nikaliandika hilo wazi kwenye daftari lake.

Zipo pia shughuli za kila siku. Mtu aliyetolewa mbavu huambiwa asinyanyue vizito kwa wiki kadhaa. Juu ya uwanda wa Makonde mchanga hunywa mvua yote na mito iko bondeni. Mradi wa maji wa Makonde umekuwa ukiyapandisha tangu miaka ya 1950, na bado ndoo kichwani ni sehemu ya siku ya mtoto, hasa wa kike. Ukimwambia mama "asibebe kitu kizito" bila kutaja ndoo, hujamwambia chochote. Kofia ngumu ya bodaboda hubana sikio. Kulala ubavu ule hubana sikio. Halafu kuna jando na unyago. Mzazi huchagua likizo ndefu ya shule kwa ajili ya operesheni, na likizo hiyohiyo ndiyo ya kuwaingiza watoto jandoni. Mwenye mshono mbichi kifuani hapaswi kuwa huko, na ni heri daktari alizungumze hilo na mjomba kabla ya tarehe kupangwa.

Watu wa huku hawakuanza jana kuweka vitu masikioni. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule wa Leipzig alipita Masasi na kukaa Newala, akapiga picha na kuandika juu ya ndonya za midomoni na mapambo yaliyopanua ndewe za wanawake wa Kimakonde, Kimakua na Kiyao. Majasi ya mpingo yalikuwa yakiongezwa ukubwa kidogo kidogo, ngozi ikipewa muda wa kujinyoosha, na mafundi wa kazi hiyo walikuwa jirani. Jeraha likitunga usaha, kipande kilitolewa jioni ileile. Siku hizi ndewe zilizopasuka utazikuta zaidi kwa wasichana wanaovaa hereni nzito, au kwa mama ambaye mtoto wa mgongoni aliivuta. Huo ni ukarabati wa sikio usiohitaji kipandikizi chochote: ganzi, kukwangua kingo zilizopona, kushona. Hospitali ya wilaya yenye daktari mwenye mkono mtulivu inaweza.

Adui wa kazi hiyo ndogo ni keloidi, kovu linalovimba na kuvuka mpaka wa jeraha. Waafrika tunapatwa nayo zaidi kuliko Wazungu, na sikio na kifua ni miongoni mwa sehemu zinazoipenda. Ona basi mkasa: ujenzi wa sikio kwa mbavu unakata sehemu zote mbili. Keloidi ikikatwa peke yake aghalabu hurudi, na pengine hurudi kubwa zaidi. Huhitaji sindano za steroidi ndani ya kovu kwa miezi, na kubanwa. Ndiyo maana kabla ya kuandikiana tarehe, daktari mwerevu huangalia ndewe, chanjo ya begani, chale kama zipo, na kidonda chochote cha zamani. Makovu hayo humwambia zaidi kuliko maabara. Bibi mwenye ndewe pana zilizopona vizuri na chale zilizolala ametoa habari za ukoo mzima, na sijasikia sana madaktari wakimuuliza bibi.

Kundi jingine linalopoteza masikio ni watu wenye ualbino. Sikio halina kivuli. Jua la saa sita huliangukia kila siku shambani, na saratani ya ngozi hupenda kuanzia hapo. Ikikatwa mapema hubaki pengo dogo. Ikichelewa, sikio lote huenda. Ngozi inayobaki imechomwa na jua kwa miaka, pengine imepigwa na mionzi ya tiba, na ngozi ya namna hiyo haibebi plastiki chini yake wala haipendi kufinyangwa juu ya gegedu. Kwao ujenzi mzuri kuliko wote ni ule usiohitajika: kofia pana, na mafuta ya kukinga jua kama yale yanayotengenezwa hospitali ya KCMC, Moshi.

Asiyeweza kujengewa sikio anaweza kuvaa sikio bandia la silikoni. Kuna la kubandika kwa gundi na kuna la kushikizwa kwenye vishikizo vya titaniamu vilivyokazwa kwenye mfupa, njia iliyoanzia Gothenburg, Sweden, mwishoni mwa miaka ya 1970. Titaniamu hushikana na mfupa vizuri sana. Kasoro iko pale chuma kinapotoboa ngozi na kutokeza nje: hapo ni lango la kudumu, lazima lisafishwe kila siku kwa maji safi na brashi laini, la sivyo ngozi huvimba, hutoa majimaji na kuota nyama juu ya kishikizo. Maji safi kila siku ni rahisi kuyaandika kwenye kipeperushi. Silikoni yenyewe hufifia kwa jua na jasho na hubadilishwa baada ya miaka michache, na rangi ya kuoana na ngozi nyeusi huchanganywa kwa jicho na mvaaji akiwa amekaa pale. Kwa hiyo kila badiliko ni safari.

Nimekaa muda mrefu kwenye sikio la nje, ingawa kwa idadi wanaoumia zaidi ni wa sikio la kati. Mtoto ambaye sikio lake "linavuja" yupo karibu katika kila darasa, na watu wamelizoea mpaka linaonekana tabia ya mtoto badala ya ugonjwa. Usaha wa muda mrefu hutoboa kiwambo na kula vile vifupa vitatu, nyundo, fuawe na kikuku, vinavyopitisha sauti. Kabla ya kipandikizi chochote, tiba ya kwanza ni kulikausha sikio kwa kitambaa safi kilichosokotwa na kutia matone ya antibiotiki aina ya siprofloksasini. Mafuta ya moto na maji ya majani yabaki jikoni. Sikio likikauka, daktari anaweza kuziba kiwambo na kuunga tena mnyororo wa vifupa.

Huko nako lile swali la mbavu na plastiki linajirudia kwa udogo wa punje ya mchele. Tangu miaka ya 1950 vimetumika vipande vya plastiki, kisha vya kauri inayofanana na mfupa, na siku hizi vya titaniamu. Tatizo kubwa limekuwa lilelile, kiwambo hukisukuma kitu kigeni nje. Mgonjwa husikia vizuri mwaka mmoja, miwili, halafu sauti inafifia, sikio linaanza kuvuja, na kwenye tundu kinaonekana kitu kinachong'aa. Madaktari wamejifunza kuweka kipande chembamba cha gegedu kati ya kiwambo na kipandikizi, na hali imekuwa nafuu sana. Ila fuawe la mgonjwa mwenyewe likiwa bado lipo, linaweza kuchongwa na kuwekwa tena mahali pake. Halinunuliwi, na mara chache sana husukumwa nje. Na vyuma vya sikioni vina kumbukumbu ndefu. Mwaka 1987 kundi moja la vipandikizi vya kikuku lilirudishwa kiwandani huko Marekani baada ya kuonekana kwamba chuma chake huvutwa na sumaku ya kipimo cha MRI. Vingi vinavyowekwa leo havina shida hiyo, lakini fundi wa MRI hawezi kuamini neno la mgonjwa asiye na karatasi.

Kilele cha vipandikizi vya sikio ni vile vya koklea, yaani vya sikio la ndani. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kuvipandikiza mwaka 2017. Kabla ya hapo watoto wa Tanzania walipelekwa nje, hasa India. Kifaa hiki ni neema kwa mtoto aliyezaliwa kiziwi akiwahiwa mapema, na hapo ndipo hoja yangu ya zahanati inapofika mwisho wake, kwa sababu hakuna mbadala wa mbavu. Ama unakiweka na kukihudumia maisha yote, ama hukiweki. Kifaa cha nje huhitaji umeme wa kuchaji au betri, hupangiwa sauti upya kliniki mara kwa mara, huharibiwa na jasho, vumbi na maji, huibwa, huangushwa. Sumaku ya ndani inaweza kusogea mtoto akipigwa kichwani. Mwaka 2002 ilijulikana pia kwamba wenye koklea wamo kwenye hatari kubwa zaidi ya homa ya uti wa mgongo, na chanjo ya nimokoki ndiyo kinga yake. Tanzania iliingiza chanjo hiyo kwenye ratiba ya watoto mwaka 2013, kwa hiyo kadi ya kliniki ya mtoto isitupwe. Mtoto mwenye koklea akipata homa kali na shingo kukaza, pale Mkomaindo au Newala, ni dharura ya saa ileile hata kama mama anasema ni malaria.

Lakini yule tabibu wa zahanati atajuaje? Karatasi nyingi za ruhusa tunazozijua husema "arudi kliniki baada ya wiki mbili" na sahihi isiyosomeka. Kwa mwenye kipandikizi karatasi hiyo ni nusu ya tiba. Iandikwe kwa Kiswahili kilichowekwa ndani ni nini, cha kiwanda gani, upande upi, tarehe gani, kama MRI inaruhusiwa, antibiotiki gani ianze homa au usaha ukitokea, na namba ya simu ya wodi. Liandikwe pia jambo moja la kukataza: kitu kikichungulia, kisivutwe na kisikatwe kabla ya kupiga simu. Nakala moja iende kwa zahanati yenyewe, isiachwe kwenye mkoba wa mama.

Na ziandikwe dalili zinazoonekana kwenye ngozi yetu. Vitabu husema uangalie wekundu. Kwenye ngozi nyeusi sana wekundu haujitokezi. Ngozi hukoza zaidi au huwa ya zambarau, hung'aa kwa kuvutika, huwa ya moto ukiigusa kwa mgongo wa mkono na kulinganisha na upande wa pili, na mgonjwa hukataa kuilalia. Harufu mara nyingine hutangulia usaha. Ngozi inayokufa haipauki. Huanza kwa kuwa baridi na ya kijivu, kisha gamba jeusi. Simu yenye WhatsApp inafika mahali ambapo basi halifiki, na picha inayomfaa daktari hupigwa nje, kivulini, saa za asubuhi, bila mwanga wa simu, bandeji ikiwa imetolewa: moja kutoka pembeni, moja kutoka nyuma, na moja ya sikio la pili.